Nyuma ya Kiti cha Mama

Ukiingia sebuleni kwetu Ekerenyo leo, kitu cha kwanza utakachokiona ni picha. Ni kubwa, ina fremu ya rangi ya dhahabu, na imetundikwa juu ya kabati la vyombo mahali palipokuwa na saa. Saa waliiondoa. Wageni husimama mbele yake wakasema, jamani, familia imependeza! Mimi hupita na shughuli zangu. Nikisimama niitazame, roho huniwaka, na mtu akiwa na hasira hawezi kupika chai nzuri.

Mama alipopata kiharusi, upande wake wa kushoto ulikufa, mkono na mguu, na maneno yakamwisha karibu yote. Mimi ndiye niliyekuwa naye nyumbani. Nilikuwa nimeolewa Magwagwa, nikakaa huko miaka mingi bila mtoto, mpaka mume wangu akaleta mwanamke mwingine na mimi nikaambiwa nihamie jikoni. Nikakataa. Nikachukua nguo zangu nikarudi kwa mama, naye akanipokea bila kuniuliza kitu. Alinipikia obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya saga, akanitazama nikila, akasema nioge nilale.

Nina kaka wawili. Mkubwa anafanya kazi ya ofisi Nairobi. Mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii na anaishi Nyanchwa na mke na watoto. Hawa wote ni watu wa kanisa, watu wa tai, watu wa kuombea chakula kwa maneno marefu. Mama alipolala kitandani walikuja, wakaomba, wakaenda. Kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji kwa kijiko, hayo yaliachwa kwangu. Sikulalamika. Ni mama yangu.

Sasa, kuna jambo moja ambalo lazima ulijue ndipo uelewe uchungu wangu. Ng'ombe walipotoka Magwagwa kuja kunioa, hawakuwahi hata kulizoea zizi letu. Walipelekwa moja kwa moja kwingine, wakamwolea kaka yangu mkubwa. Kwetu ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, ng'ombe wa dada humwolea kaka. Kwa hiyo wifi yangu, mke wa huyo kaka mkubwa, aliingia katika boma letu kwa ng'ombe wangu. Yeye anajua, mimi najua, na ng'ombe wenyewe walijua.

Wazo la picha lilikuwa la huyo huyo wifi. Alikuwa ameona familia ya mtu fulani Nairobi imepigwa picha na mpiga picha wa kulipwa, wote wamevaa rangi moja, bibi ameketi katikati kama malkia. Wakaizungumza kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mimi simo kwenye kundi hilo kwa sababu simu yangu ni ile ndogo ya kabambe, ya kupigia na kumulikia tu. Nilisikia habari wifi aliponipigia.

"Mpime mama," akasema. "Kifua, kiuno na urefu. Fundi anangoja."

Nikampima mama pale kitandani kwa futi ya kushonea, nikamsomea. Halafu nikauliza, "Na mimi nijipime?"

"Tutaongea," akasema.

Hiyo "tutaongea" ilinitosha. Nilijipima siku hiyo hiyo, nikaviweka vipimo kichwani nikingoja kuulizwa. Usinicheke. Sina picha hata moja na mama. Ile ya siku ya harusi yangu ilibaki kwenye ukuta wa watu Magwagwa, na sijui kama bado ipo au mwanamke yule aliichoma. Mama alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu, na mimi nilitaka picha moja tu niliyosimama kando yake, ili siku akiondoka niwe na mahali pa kumtazamia. Tena, nisifiche, nilitaka nionekane kwenye ukuta wa nyumba hiyo kwamba mimi pia ni mtoto wa hapo. Hakuna kingine nilichotaka.

Basi nikaanza kazi. Nilifyeka nyasi za uani mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nikapunguza ua wa mbele, nikapaka ukuta chokaa upande wa migomba ambako wifi alisema kwa simu kwamba mwanga wa asubuhi ni mzuri. Nikavua vitambaa vyote vya makochi nikavifua, nikavianika juu ya miti ya chai kwa sababu kamba haikutosha. Majirani wakipita barabarani wananiuliza, kuna harusi? Nawaambia, kuna picha. Nawaambia nikicheka.

Kazi kubwa ilikuwa mama mwenyewe. Alikuwa hajaketi kwenye kiti tangu augue. Kila siku nikitoka kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia, nilimbeba nikamweka kwenye kiti cha mbao nje, tukafanya mazoezi. Nampitishia mkono nyuma ya kiuno, namwambia, mama, haya, kaa. Anakaa. Nikiutoa mkono tu, anainama upande wa kushoto kama gunia lililojazwa nusu. Namwinua tena. Yeye anacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Ananiita kwa lile neno lililombakia, "Mwana one." Mwanangu. Kuna siku lilikuwa neno lake la pekee.

Nikampigia kaka mkubwa nikamwambia, mama haketi peke yake, lazima mtu awe amemshika.

"Tutaweka mito," akasema.

Mito! Mtu hajamshika mama yake mkono tangu augue, anazungumza habari za mito.

Picha ilipangwa Jumapili. Sisi ni Wasabato, kwa hiyo kila kitu cha nyumbani lazima kiwe kimekwisha Ijumaa kabla jua halijatua. Ijumaa hiyo mchana kaka mdogo akafika kutoka mjini na gari limejaa mifuko. Ni nguo kutoka kwa fundi. Rangi ya damu ya mzee, zote, na zimejikunja kwa safari. Akaniambia wifi anasema zipigwe pasi.

Nikawasha pasi ya makaa. Nikafungua mfuko wa kwanza, shati la kaka mkubwa. Nikalinyoosha. Wa pili, gauni la wifi, lina mikono ya puto iliyonitoa jasho. Nikafuata gauni la mke wa kaka mdogo, mashati ya watoto, vigauni vya watoto, na hata kile kidogo kabisa cha mtoto mchanga, kama kitambaa cha kupangusia miwani. Kila mfuko niliofungua nilikuwa najiambia, yangu ni ile inayofuata. Gauni la mama ndilo lililokuwa la mwisho, na kilemba chake. Nikatingisha mfuko. Nikageuza mifuko yote nje ndani. Nilikuwa nimeipiga pasi familia nzima na mimi simo.

"Yangu iko wapi?" nikamuuliza kaka mdogo.

Akajifanya kutafuta funguo za gari. "Hayo uliza mkubwa. Mimi nilitumwa tu."

Mdogo wangu ni mtu mzuri asiye na faida. Akaondoka. Jua lilikuwa limeshagusa vilima na makaa yalikuwa yanazimika. Nikaingia ndani nikatoa gauni langu la buluu, lile ninalovaa kanisani, nikalipiga pasi haraka haraka kwa moto uliobaki. Nikajiambia, nitasimama hivyo hivyo, na hakuna atakayenifukuza mbele ya mgeni.

Jumapili asubuhi nikamwosha mama, nikampaka mafuta, nikamvalisha gauni jipya na kilemba. Ebu, alipendeza! Nikamwambia amependeza, akaugusa mkono wa gauni langu la buluu kwa mkono wake mzima. Nadhani aliona tofauti.

Wakaja. Watoto wa kaka mkubwa wakamsalimia bibi yao "hi" kutoka mlangoni, kwa sababu Kigusii hawajui na harufu ya dawa hawaitaki. Mpiga picha naye akaja, kijana mpole, mzaliwa wa mbali aliyefungua studio mjini Kisii, na kwa ajili yake siku hiyo sote tulizungumza Kiswahili. Akasimamisha taa zake zenye miavuli uani kwangu, kwenye nyasi nilizofyeka, na watu wakaanza kujipodoa.

Wifi akaniona. Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Umetoka vizuri," akasema. "Lakini hiyo buluu, haki, itaharibu picha."

"Basi mngenishonea nyingine."

Alikwenda kumnong'oneza mumewe, na kaka mkubwa akaja akanishika bega, akanipeleka nyuma ya jiko.

"Sikiliza," akasema. "Hii ni picha ya boma. Wewe una kwenu. Ng'ombe wa watu wa Magwagwa hawajarudishwa, kwa hiyo wewe bado ni mke wa kule. Ukisimama kwenye picha ya hapa, watu watasema nini? Watasema tumekurudisha. Wale watu watakuja kudai ng'ombe wao. Na kesho mtu atasema una sehemu katika shamba. Mambo haya yana utaratibu."

"Ng'ombe unawatafuta?" nikamwambia. "Si mmoja wao yuko pale mbele, amevaa damu ya mzee, anajipaka lipstiki?"

Wee! Nilidhani atanipiga. Alipanua pua. Akasema nimekosa adabu, kwamba ndiyo maana Magwagwa walinichoka. Halafu akapunguza sauti, kwa kuwa mpiga picha alikuwa karibu, akasema maneno ambayo hata leo nikigeuza chapati huwa nayasikia.

"Na isitoshe, ukija kwenye picha, nani ataangalia chakula?"

Nikarudi jikoni. Nikajifunga leso juu ya gauni langu la buluu nikasukuma chapati. Sikulia. Ningelia, lakini unga ulikuwa umeandaliwa na watu walikuwa wengi. Kupitia mlango wa jiko nilikuwa nawaona wote.

Wakamtoa mama na kiti chake. Wakaweka mito kushoto, mito kulia. Mpiga picha akasema tayari, akainama kwenye kamera, na mama akaanza kuteleza. Wakamsimamisha. Akateleza. Mito ikaanguka kwenye nyasi. Mpiga picha naye, asiyejua mambo yetu, akamwambia kaka mkubwa, "Bosi, wewe simama nyuma, mshike mama kiunoni kwa nguvu."

Watu wakaruka kama wamemwagiwa maji ya moto. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni, na mtoto wa kiume mtu mzima hamshiki mama yake kiuno, hata afe. Kaka mkubwa akaficha mikono mfukoni. Kaka mdogo akaangalia migomba. Mpiga picha akawageukia wanawake. Wifi akasema kucha zake zitatoboa nguo ya mama, halafu kwa lile gauni la mikono ya puto hawezi kuinama. Mke wa kaka mdogo alikuwa na mtoto mchanga kifuani. Basi wote wakasimama pale, wamependeza, na mama anateleza.

Kaka mkubwa akaja mpaka mlango wa jiko. "Njoo mara moja," akasema.

Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka. Nilifungua leso, nikanawa unga, nikajifuta uso. Nilidhani ameona aibu. Nilidhani mama amenitaka na wameshindwa kumkatalia. Nikatoka nje na gauni langu la buluu, nikaenda moja kwa moja kusimama kando ya kiti.

"La, la, nyuma," akasema wifi. "Chuchumaa nyuma ya kiti. Umshike kutoka huko."

Buluu ilikuwa bado inaonekana kwenye upenyo wa kiti. Wifi akakimbia garini, akarudi na kipande cha kitambaa kilichobaki kwa fundi, damu ya mzee ile ile, akanifunika kuanzia kichwani. Hivyo ndivyo nilivyopata nguo yangu ya familia.

"Na mkono wake je?" akauliza kaka mkubwa. "Huo uliopita kiunoni?"

"Huo nitautoa kwa kompyuta," akasema mpiga picha. Kisha akainama upande wangu, kwa upole kabisa, akasema, "Usijali auntie, hautaonekana hata kidogo."

Kijana yule hakuwa na ubaya. Alidhani ananifariji.

Nikachuchumaa gizani chini ya kile kitambaa. Kilinuka mafuta ya cherehani. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umemzunguka mama, na nilisikia mbavu zake zikipanda na kushuka. Nje nikasikia, haya, wote hapa, tabasamu! Ndipo mama akaita. "Mwana one?" Aliita kama anayeuliza. Nikamjibu kwa Kigusii, niko hapa mama, niko nyuma yako. Akageuza shingo upande wake mzima, juu ya bega la kulia, akaangalia chini, anitafute.

"Mama! Angalia hapa, mama!"

Wakapiga makofi. Wakatingisha funguo za gari kama kwa mtoto mchanga. Wajukuu wakaruka ruka na kuita granny, granny. Mama hakugeuka. Nilimnong'oneza, mama, tazama mbele, wanataka uso wako. Akatazama mbele kidogo, kisha kabla kamera haijalia akarudi begani. Akaita tena.

Mara ile ya kwanza nilimwambia atazame mbele. Baadaye sikumwambia tena. Miguu ilikuwa imekufa ganzi na goti linaniuma, nami nikanyamaza, nikamshika, nikamwacha atazame anapotaka.

Wakala chapati zangu, wakazisifu, wakaondoka kabla giza halijaingia. Baada ya majuma kadhaa nikamsikia kaka mdogo akizungumza na mkubwa kwa simu pale uani. Mpiga picha alikuwa amewatumia picha zote. Mkono wangu ameutoa vizuri sana, hata kivuli hakipo. Lakini katika picha zote mama ametazama pembeni. Kaka mkubwa alitaka kichwa kingine kiwekwe kwa kompyuta, kutoka picha nyingine ya karibuni ambayo mama ametazama mbele. Mpiga picha akasema yuko tayari, wampe hiyo picha. Wakatafuta. Hakuna. Tangu augue hakuna mtoto wake wala mjukuu aliyewahi kumpiga picha. Wakachagua moja kati ya zilizokuwepo, ikawekwa fremu, ikaletwa, saa ikaondolewa.

Ndiyo hiyo iliyo ukutani. Wote wamesimama wima, meno nje, wanakutazama wewe. Katikati yuko mama, ameketi sawasawa bila kushikwa na mtu, anatazama juu ya bega lake mahali pasipo na kitu.

Mwezi uliopita wazee wa kanisa walikuja kumwombea mama, na kaka mkubwa akaja na mkewe kuwapokea. Mama nilikuwa nimemweka kwenye kochi, mito pande zote, kwa sababu sebuleni kochi lina kona inayomzuia. Mimi nilikuwa natoka jikoni na sinia la chai. Mama mmoja mzee wa kanisa, rafiki wa mama tangu usichana wao, alikuwa amesimama mbele ya picha.

"Na huyu mwenzangu," akasema, "alikuwa anatazama nini huko nyuma?"

Wifi akawahi kujibu. "Ah, ni ugonjwa, mama. Siku hiyo hakuwa anajielewa."

Yule mzee hakutosheka na jibu hilo. Akainama mbele ya mama, akamuuliza mwenyewe kwa Kigusii, taratibu, ulikuwa unatazama nini?

Mama akaitazama picha. Kisha akauinua ule mkono mzima, ukapita juu ya kaka mkubwa, ukapita juu ya wifi, ukaja mpaka mlangoni nilikosimama na sinia, ukaganda hapo.

"Mwana one," akasema.

Yule mzee akanitazama mimi, akaitazama picha, kila mtu mmoja mmoja kwenye picha, akanitazama tena. Kaka mkubwa akakohoa. Akasema mama amechoka, arudishwe chumbani akapumzike.

Hakusema ni nani amrudishe. Niliweka sinia mezani, nikapita katikati yao, nikapitisha mkono wangu wa kulia nyuma ya kiuno cha mama, pale pale, nikamwinua.